Sangara wa Karagwe na Safari ya Jina Lake

Majina yanayosikika mara nyingi kwenye meza za samaki za Omurushaka na Kayanga, wilayani Karagwe, au ng'ambo ya vilima kule Nkwenda na Murongo, wilayani Kyerwa, hayazidi vidole vya mkono mmoja: sangara, sato, dagaa, kambare, furu. Wilaya hizi, ambazo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipopata uwilaya mwaka 2012, hazigusi Ziwa Victoria popote. Zina Mto Kagera, ambao ndio mpaka na Rwanda kwa magharibi na Uganda kwa kaskazini, zina maziwa madogo yaliyotapakaa kando ya mto huo, na Burigi upande wa kusini. Hata hivyo sehemu kubwa ya samaki wanaouzwa sokoni hupanda kutoka Bukoba na Muleba, wakiwa kwenye barafu, wamekaangwa au wamekaushwa, na hupanda pamoja na majina yao.

Ndiyo maana swali la asili ya majina haya ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu akiuliza neno "sangara" limetoka wapi, jibu la haraka ni "ziwani". Ziwa lipi? Tukilifuata swali hilo hadi mwisho tutaona kwamba jina la samaki mara nyingi linatunza habari za waliomsafirisha, waliomkausha na waliomuuza, na linasema machache sana kuhusu maji aliyozaliwa. Wanaisimu wa Ulaya walilipia somo hili kwa karibu karne nzima ya mabishano, na nitaanza na kisa chao kwa sababu kinatuonyesha mtego tunaopaswa kuukwepa.

Lugha za jamii ya Kijerumani zina jina moja la kale la samaki anayepanda mito kutoka baharini kwenda kutaga: Wajerumani humwita Lachs, Waswidi na Waaislandi lax, Wanorwe na Wadenishi laks. Waingereza wa kale nao walisema leax, kisha wakaliacha neno hilo na kuchukua "salmon" kutoka Kifaransa, ambacho nacho kililirithi kutoka Kilatini. Ndugu wa jina hilo wanapatikana pia nje ya jamii ya Kijerumani: Kilithuania kina lašiša, Kirusi kina losos. Katika karne ya 19 wataalamu waliliona kama ufunguo. Samaki yule, walisema, huishi tu katika mito inayoingia Bahari ya Kaskazini na Baltiki. Basi wahenga wa lugha zote zenye jina hilo lazima waliishi huko. Wakachora ramani ya nchi ya asili ya mamilioni ya watu kwa kutegemea samaki mmoja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 maandishi ya lugha iliyokufa, Kitokharia, yalifukuliwa katika majangwa ya magharibi ya China, mbali kabisa na Baltiki. Ndani yake lilikuwamo neno laks, na maana yake ilikuwa samaki, samaki yeyote. Waoseti wa Kaukazi nao wana neno la ukoo huohuo kwa samaki mwingine wa mito ya kwao. Hoja ikapasuka. Jina lile la kale huenda halikumhusu kabisa samaki wa Baltiki. Huenda lilimhusu mwenye madoa anayefanana naye katika mito ya kusini, kisha watu wakahama, wakakuta samaki mpya, wakampa jina walilokuwa nalo mdomoni. Na ndivyo binadamu wanavyofanya kila mahali. Anayefika kwenye maji mageni huangalia samaki, hukumbuka wa kwao, na humwita kwa jina la wa kwao.

Sasa turudi kwa sangara.

Samaki huyu si mzaliwa wa Ziwa Victoria. Kwao ni Mto Nile, Ziwa Albert, Ziwa Turkana na mito mingi ya Afrika Magharibi. Aliingizwa Victoria katika miaka ya 1950, kwanza kwa siri upande wa Uganda, kisha waziwazi mwaka 1962 na 1963 huko Entebbe na Kisumu. Waliopandikizwa walitoka Albert na Turkana. Kwa karibu miaka ishirini hakuonekana sana, halafu akafumuka: Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, na upande wa Mwanza katikati ya miaka hiyo ya 1980. Maana yake ni kwamba mzee wa Kaisho au Nyaishozi mwenye miaka sabini leo alikua, akaoa na kupata watoto kabla sangara hajawa kitoweo cha kawaida mlimani.

Tazama majina. Waganda humwita mputa, Waluo wa Kenya humwita mbuta. Ni jina moja lenye matamshi mawili, na ndilo jina linalotumika Ziwa Albert. Hapa samaki na jina vilisafiri pamoja, kama ambavyo tungetarajia: waliomleta walijua aliitwaje alikotoka. Watanzania hawakulifuata jina hilo. Samaki yuleyule, katika ziwa lilelile, alipovuka mstari wa mpaka majini akawa sangara.

Jina hilo halikutoka Albert wala Turkana. Limetoka Ziwa Tanganyika. Kule kuna ndugu wanne wa sangara ambao hawapatikani popote pengine duniani, samaki wa jenasi ya Lates kama yeye, na tangu zamani wakubwa kati yao huitwa sangala na wavuvi wa Burundi, Kongo na Kigoma. Yule mwembamba miongoni mwao Kigoma humwita mgebuka, na Burundi mukeke. Samaki hata mmoja wa Tanganyika hakupandikizwa Victoria. Kilichohama ni jina peke yake, kwenye vinywa vya watu.

Njia ya kuhamia ilikuwapo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Dagaa wa Kigoma walisambaa nchi nzima kwa reli hiyo, na pamoja nao wavuvi, wachuuzi na msamiati wao. Wakati samaki mkubwa mwenye mdomo mpana na miiba mgongoni alipoanza kujaa nyavuni Mwanza na Bukoba, hakuhitaji kubuniwa jina. Palikuwa na watu waliomtambua: huyu ni sangala. Kwa macho ya sayansi hawakukosea, kwa sababu ni jenasi ileile. Mimi naliona jambo hili kuwa ushahidi mzuri wa ujuzi wa wavuvi wetu, ambao hauandikwi vitabuni: waliweka samaki wa maziwa mawili katika ukoo mmoja bila darubini wala maabara.

Mtu anaweza kupinga: pengine jina ni la Kiswahili cha kale na limefika maziwa yote mawili kutoka pwani. Hapa neno "dagaa" linatusaidia, na ndipo uchambuzi wa sauti unapozaa matunda.

Kiswahili kina tabia inayojulikana sana kwa wanaolinganisha lugha za Kibantu: katika maneno mengi ya urithi kimeangusha ile sauti ya l au r iliyokuwa kati ya irabu mbili. Kwa mkazi wa Kyerwa ushahidi uko ng'ambo ya mto tu. Mnyarwanda anasema imvura, sisi tunasema mvua. Yeye anasema inzara, sisi njaa. Yeye inzira, sisi njia. Na yeye anasema indagara, sisi dagaa. Neno la mwisho limekaa katika safu hiyo barabara, bila kulazimishwa. Burundi na Kongo husema ndagala, sauti ikiwa bado ipo.

Kutokana na safu hiyo naona mambo mawili. La kwanza, watu wa bara hawakulikopa neno hili kutoka pwani, kwa maana aliyesikia "dagaa" asingeweza kubahatisha kwamba katikati ya a mbili palikuwa na r na kuirudisha mahali pake. La pili, si rahisi pia kwamba wafanyabiashara wa pwani walilichukua Ujiji katika karne ya 19, kwa sababu wakati huo mazoea ya kuangusha sauti hiyo yalikuwa yamekwisha zamani. Wangelichukua pamoja na l yake. Maelezo yanayobaki na kuridhisha ni kwamba dagaa na ndagala ni ndugu wa kale, watoto wa neno moja lililokuwapo kabla matawi haya ya Kibantu hayajaachana.

Sangara ameishika r yake. Kama neno hilo lingekuwa na umri wa dagaa katika Kiswahili, tungetarajia leo liwe "sangaa". Kanuni hii haiendi bila vighairi, na "kulala" ni kimojawapo ambacho kila mtu anakijua. Kambare naye ameshika r yake, na ni neno la kawaida tangu pwani hadi bara. Lakini ukiweka pamoja sauti iliyobaki, jina lililoko Tanganyika, na samaki aliyefika Victoria juzi tu, mizani inaelemea upande mmoja: sangara ni mgeni katika Kiswahili, aliyeingia baada ya mlango wa mabadiliko hayo kufungwa.

Dagaa anafundisha na jambo lingine. Dagaa wa pwani ni samaki wadogo wa bahari. Dagaa wa Tanganyika ni spishi mbili za jamaa ya sardini. Dagaa wa Victoria, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, ni wa jamaa nyingine tofauti kabisa, na aliandikwa na mtaalamu Mfaransa Pellegrin mwaka 1904. Mtaalamu wa samaki angesema hakuna haki ya kuwapa jina moja. Mama anayepima kwa kopo sokoni Nkwenda ana haki yote. Kwake dagaa ni samaki mdogo anayeanikwa mzima, anayekaa ghalani bila barafu, anayegawanyika kwa bei ya mia mia hadi kila nyumba ikapata. Jina limefuata jua, mchanga na chungu. Kwa wilaya zilizo mbali na ufuo, ambako samaki mbichi alikuwa anasa kwa muda mrefu, hiyo ndiyo sifa iliyokuwa na maana.

Neno "samaki" lenyewe linaonyesha safari nyingine. Ni Kiarabu, samak, lililovishwa irabu ya mwisho. Kabla yake Kiswahili kilikuwa na neno lake la Kibantu, swi, ambalo bado limo katika kamusi na lahaja lakini halisikiki sokoni. Ndugu yake yuko hai Komoro, ambako samaki ni fi, na yuko hai ng'ambo ya Kagera, ambako Mnyarwanda anasema ifi. Simama Murongo uelekee kaskazini, kwenye daraja la kwenda Kikagati, na utakuta njia ya tatu: Wanyankore husema ekyenyanja, Waganda ekyennyanja, yaani kitu cha ziwa. Lugha hizo, zilizo jirani sana na Kinyambo cha Karagwe na Kyerwa, hutumia jina la mahali kumtaja kiumbe. Mto mmoja, kwa hiyo, unapita kati ya ifi, ekyenyanja na samaki, na kila neno linaeleza historia tofauti: urithi wa kale, ubunifu wa watu wa nyanda za maziwa, na biashara ya bahari.

Biashara hiyo ilifika Karagwe mapema. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, katikati ya karne ya 19, kwenye barabara ya kutoka Tabora kwenda Buganda. Speke na Grant walipopokelewa na Mukama Rumanyika mwaka 1861, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika huko. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna mazoea ya kudhani kwamba Kiswahili cha Kagera kililetwa na shule na serikali tu. Neno kama "samaki" lilikuwa na zaidi ya karne moja ya kuzoeleka huku kabla ya sangara wa kwanza kupanda mlima.

Wajerumani walifuata. Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, na kwa robo karne eneo hili lilikuwa chini ya Berlin. Wakati huo hapakuwa na sangara. Leo wao hawapo na sangara yupo, naye amekwenda kwao. Minofu ya ziwa letu, iliyokatwa viwandani Mwanza, Musoma na Bukoba, ilianza kupelekwa Ulaya kwa wingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika maduka ya Ujerumani imeandikwa Viktoriabarsch. Waholanzi wanasema victoriabaars. Jina hilo ni la kale na jipya kwa pamoja. Barsch, kama baars ya Kiholanzi na bass ya Kiingereza, ni neno la kurithiwa katika lugha za Kijerumani na mzizi wake unahusu kitu kilichosimama kwa ncha, kama miiba au nywele za brashi. Wahenga wao walimtazama samaki wa mito yao akiinua mapezi ya mgongoni, wakamwita mwenye miiba. Wazao wao walipopokea mnofu uliokwisha kutolewa miiba na ngozi wakampa jina lilelile, wakaliunganisha na jina la malkia wa Uingereza ambalo Speke alilibandika ziwani mwaka 1858. Hawakumwona akiwa mzima. Jina la Mjerumani linataja hasa kile ambacho hakikuletwa mezani kwake.

Kile kisicholetwa kwake kilibaki kwetu, nacho kina jina: mapanki. Ni kichwa na mifupa ya sangara baada ya minofu kuondolewa. Yalikuwa chakula cha watu wengi wa kanda ya ziwa, na yalizua mjadala wa kitaifa mwaka 2006 baada ya filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuyaonyesha duniani, hadi Rais Kikwete akaizungumzia filamu hiyo hadharani. Panki ni pia mtindo wa nywele zilizosimama wima katikati ya kichwa, na ukiutazama uti wa sangara uliokaushwa, miiba ikiwa imejipanga juu, ni vigumu kutoona kilichomvutia aliyeuita hivyo kwanza. Kama ndivyo, basi mchuuzi wa ziwani na mhenga wa Kijerumani, bila kujuana na wakiwa wametengana kwa maelfu ya miaka, walimtaja samaki wa ukoo wenye miiba kwa sifa ileile. Huu si undugu wa maneno. Ni macho mawili yaliyoona jambo moja, na anayechambua asili ya majina lazima atenganishe mambo hayo mawili kila mara.

Wanasayansi nao wamechukua kwetu. Jina la jenasi Lates linatokana na Kigiriki, latos, samaki wa Nile aliyeabudiwa Misri kiasi kwamba Wagiriki waliuita mji wa Esna Latopolis. Lakini tilapia ni neno la Kiafrika: Andrew Smith alilitumia mwaka 1840, na kwa maelezo yanayokubalika sana alilitoa katika Kitswana, ambamo tlhapi ni samaki tu, kama laks ya Kitokharia. Kutoka kusini likaenda London, likawa Kilatini cha maabara, na sasa linarudi Karagwe kupitia vipeperushi vya ufugaji wa mabwawani na orodha za vyakula hotelini, ambako sato ameanza kuandikwa tilapia.

Kuhusu sato ndiko nina wasiwasi mkubwa zaidi. Mmoja wa samaki wa asili wa Victoria katika ukoo huo alikuwa ngege, aliyepewa jina la kisayansi na Michael Graham mwaka 1928 baada ya uchunguzi wake wa ziwa. Jina ngege lina eneo pana: Waluo wanalo, Waganda wanalo, na Wanyarwanda husema ingege. Sato anayeuzwa leo kwa wingi ni mgeni mwingine, aliyeletwa kutoka nje ya ziwa katika miaka ya 1950. Alimshinda ngege kwa chakula, kwa mazalio na kwa kuzaana naye, sangara akamalizia, na sasa ngege yuko katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kwa upande wa Uganda jina halikufa naye. Limehamia kwa mgeni. Anayeagiza ngege Kampala leo karibu kila mara analetewa yule aliyemfukuza.

Furu walipata pigo kama hilo. Spishi zaidi ya mia tano zilikuwa ziwani, na nyingi zilipotea katika muongo mmoja mbele ya macho ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa Mwanza tangu 1977. Wavuvi walizijumuisha chini ya jina moja, furu, au fulu kwa Waluo, na nyingine zilitoweka kabla hazijapata jina la mtu yeyote, mvuvi wala mtaalamu. Ningu, aliyekuwa akipanda Kagera na mito mingine wakati wa mvua, ana jina linalofanana kwa Waluo na Waganda, na wavu uliotandazwa midomoni mwa mito umempunguza sana.

Lakini maziwa madogo ya bonde la Kagera, mengi yakiwa na matete na mafunjo yanayoyatenga na maji makubwa, yamekuwa hifadhi ya samaki waliofukuzwa Victoria, ngege akiwamo. Baadhi yamo sasa katika mipaka ya hifadhi za taifa zilizotangazwa mwaka 2019, Burigi-Chato, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Hapa kazi ya jina inakuwa kazi ya kuokoa. Mvuvi wa ziwa dogo akimuuza samaki wake Kayanga atamwita sato, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo mnunuzi analijua na kulilipia. Huenda anamuuza ngege. Huko Kampala, wakati huohuo, jina ngege liko juu ya sahani ya sato. Anayefanya hesabu ya samaki kwa kuandika majina ya sokoni atarudi na daftari linalosema ngege wako tele Kampala na hawako kabisa Karagwe, na atakuwa amepata kinyume cha ukweli. Inabidi amwombe mvuvi amwonyeshe samaki mwenyewe, atazame mkia kama una mistari myembamba iliyosimama, ambayo ni alama ya sato mgeni, kisha aulize swali la pili, ambalo wengi hulisahau: kabla ya barabara ya lami na magari ya barafu, nyumbani kwenu huyu mlimwitaje?